Kijana wa Nachingwea, Usishike Ufunguo wa Sanduku

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea aliniandikia ujumbe. Alianza kwa "Shikamoo Baba Mchungaji", salamu iliyonigusa kwa kuwa ni miaka mingi sasa hakuna anayeniita hivyo bila kwanza kuangalia pembeni, kisha akaeleza kwamba ameanzisha kanisa chini ya mwembe, ana waumini 30, na anataka kujua nilivyofanya hadi nikafikisha waumini zaidi ya 200 katika kijiji cha wilaya ya Masasi ndani ya miaka sita. Hakuuliza nilivyofika gerezani. Nitamjibu yote mawili, kwa sababu njia ilikuwa moja, na naamini wengi mnaosoma hapa mna shauku ileile ya kusimamisha nyumba ya Mungu kwa mikono yenu.

Kuhusu kukua kwa kanisa sina mengi. Nilihubiri vizuri, wala sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu katika hilo. Nilizika wafu wa kila nyumba, hata za wasiosali kwangu, na nilijua majina ya watoto. Watu walikuja, wakatoa, na kufikia mwisho wa mwaka 2016 tulikuwa na shilingi milioni 14 za ujenzi. Ufunguo wa sanduku nilikuwa nao mimi, na kitabu cha hesabu nilikuwa nacho mimi. Wazee wa kanisa walipopendekeza tufungue akaunti benki yenye watia saini watatu, niliwauliza kama wananishuku. Wakaona haya, wakanyamaza. Kijana wangu, jibu langu lilikuwa swali hilo moja, na kila kilichofuata kilianzia hapo.

Januari 2017 alikuja bibi mmoja, mjane, ambaye mjukuu wake alikuwa amelazwa hospitali ya Ndanda. Wanaoishi Mtwara na Lindi wanaujua mwezi huo: fedha za korosho zimekwisha, mahindi bado mabichi shambani, na ada za shule zinasubiri. Bibi hakuomba msaada. Alisema atalipa kwa korosho za msimu ujao, bakuli 50, endapo nitampa shilingi 50,000. Nilifungua sanduku nikampa. Nilijisikia nimefanya kazi ya Kristo siku ile, na mpaka leo siamini kwamba nilikosea kumpa. Mtoto alipona.

Msomaji wa mbali huenda hajui kwamba biashara hii ina jina. Inaitwa kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa kipimo cha bakuli kabla ya msimu, kwa bei ya dhiki, kisha kuziuza mnadani kama zako. Imepigwa marufuku, kwa sababu katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima ndiye anayepaswa kupeleka mzigo wake kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, upimwe kwenye mizani, uandikwe kwa jina lake na ulipwe kwa bei ya mnada. Bakuli la kangomba hujazwa mpaka lifanye kichuguu juu. Bibi alihesabiwa bakuli 50 kana kwamba kila moja ni kilo moja, lakini gunia lake lilipofika ghalani mizani ilisoma kilo 63. Sikumwambia.

Oktoba ya mwaka huo ilikuwa neema, bei ikafika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Nilirudisha shilingi 50,000 sandukuni, na baada ya makato zikanibakia karibu shilingi 190,000. Nikanunua spika za kanisa. Kama ningezinywea pombe, pengine dhamiri ingenishtaki mapema, lakini spika zilikuwa pale mbele ya waumini, zikipaza sauti yangu, na kila Jumapili nilijiona mtu ambaye Mungu amempa akili ya biashara kwa faida ya kundi lake.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 nilitoa fedha zote za sanduku kwa biashara hiyo. Sitawachosha na safari za pikipiki wala na vijana niliowatuma kukusanya mizigo. Itoshe kusema kwamba nilinunua tani 10 kutoka kwa watu ambao Jumapili niliwapa meza ya Bwana. Niliacha kuhubiri kutoka kitabu cha Amosi. Sura ya nane inawataja wanaopunguza efa, kile kipimo cha kale cha nafaka, na kudanganya kwa mizani, nami niliyekuwa naijua kwa moyo nikawa naruka kurasa zile kama mtu anayekwepa mlango wa mdai wake. Ukiona kuna ukurasa wa Maandiko unaoukwepa, kijana wangu, nenda kakague sanduku.

Msimu ulipofunguliwa wanunuzi walitoa bei za chini na wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kuzibeba, na kabla ya malipo ukafanyika uhakiki, wenye mizigo mikubwa wakitakiwa kuonyesha mashamba yao. Mimi nilikuwa nimeandikisha tani nne kwa jina langu, na zilizobaki kwa majina ya wazee wa kanisa na ndugu zao. Wahakiki walipokuja niliwaonyesha mikorosho mitatu iliyoko nyuma ya kanisa. Miti mitatu hata iliyopuliziwa salfa vizuri haijazi gunia moja. Walinitazama bila kusema neno. Kisha akaitwa mzee wetu mmoja, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipinga jambo, naye akasema: "Mimi nina ekari moja. Mzigo huu ni wa Mchungaji."

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Nilimlea yule mzee kiroho, nilimzikia mkewe, naye akanisaliti kwa sentensi mbili. Nakiri kwamba uchungu haujaisha wote, ingawa najua kuwa mimi ndiye niliyemwandika kwenye uongo bila ridhaa yake.

Nilihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kuiba fedha za ujenzi wa kanisa nilizokabidhiwa, nikatumikia miwili. Huko ndani nilisoma habari za Jim Bakker, mhubiri wa televisheni wa Marekani. Aliwauzia waumini haki ya kulala siku chache kila mwaka, maisha yao yote, katika hoteli za kituo chake, akauza nafasi nyingi kuliko vyumba vilivyokuwepo, na mwaka 1989 akahukumiwa miaka 45 ambayo baadaye ilipunguzwa ikawa minane. Fedha zake ni mara elfu ya zangu, lakini nilimwelewa. Mtu anayesimama madhabahuni na kushika fedha pekee yake hukosa mtu wa kumwuliza swali, na asipoulizwa huanza kudhani kwamba ukimya wa watu ni kibali cha Mungu.

Kwa hiyo usishike fedha. Fungua akaunti, weka watia saini watatu, wewe usiwemo. Hesabu isomwe mbele ya waumini, na asiyekuwa wewe ndiye aisome. Sajili kanisa lako chini ya Sheria ya Jumuiya. Kama waumini wana dhiki ya mikopo, wahimize waunde kikundi chao cha kuweka na kukopa na wakisajili kama inavyotaka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, nawe kaa mbali na sanduku lao. Mwenye njaa mpe bure au usimpe, lakini usimnunue. Na nasema tena, maana najua umesoma haraka ukitafuta siri ya waumini 200: usishike fedha. Enyi watumishi mnaosema kwamba ninyi ni tofauti, hata mimi nilikuwa tofauti.

Siku hizi nalima ekari mbili za kukodi na kuwalipa niliowadhulumu, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa 23, nimemaliza tisa. Bibi yule alikuwa wa kwanza. Nilimweleza habari ya kilo 63 na kumpelekea fedha, akazikataa. Alisema alitoa korosho, basi anataka korosho. Msimu uliopita nikabeba gunia hadi chama cha msingi, naye akaja na mjukuu wake, akasimama karibu na mizani kuliko mimi. Mizani ilisoma 63.4. Karani akaandika 63, na bibi akamwambia aandike na ile nne.