Nimefunga, nimeombewa, na bado nabeti

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, nimeokoka, na ni mhazini wa kwaya katika usharika wetu hapa Mbeya. Huu ni mwaka wa tatu nabeti kwa siri. Nilianza na mikeka ya mia tano Jumamosi, yaani kubashiri matokeo ya mechi, sasa ni kindege usiku, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu, simu ikiwa chini ya mto. Nimefunga kavu siku tatu, si mara moja. Nimewekewa mikono, nikaambiwa nina pepo la kamari. Kila nikimaliza mfungo nakaa siku mbili, ya tatu narudi. Mwezi uliopita niligusa hela ya sare za kwaya iliyokuwa kwenye simu yangu, shilingi 340,000. Hakuna anayejua. Nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi na harusi yangu ni Desemba. Nipate wapi nguvu za kushinda jaribu hili? Na je, nimwambie mchumba wangu? – Mhazini*

Marahaba mwanangu. Umeandika ukweli bila kuupamba, na hilo limenipa moyo.

Unaomba nguvu, lakini tazama ulivyojipanga: hela ya kwaya, hela yako na kindege vyote viko kwenye simu moja, simu inalala chini ya mto, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuuliza. Hapo hata mwombaji wa mkesha wa kila Ijumaa ataanguka. Paulo aliwaandikia Warumi (13:14) wamvae Bwana Yesu Kristo, “wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake”. Wewe umeshika nusu ya kwanza ya mstari, ile ya pili hujaigusa. Na ule “mlango wa kutokea” wa 1 Wakorintho 10:13, wengi huutafuta saa saba usiku kidole kikiwa tayari kwenye kitufe. Mara nyingi ulikuwa wazi tangu saa tatu, simu ilipokuwa bado sebuleni.

Tuanze na ile 340,000, kabla ya maombi yoyote mapya. Maadamu shimo hilo lipo, kila jaribu litakuja na sura ya wema: “weka moja tu, urudishe hela ya Bwana.” Huwezi kulishinda jaribu linalojiita toba. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Jumamosi, mwombe mchungaji au mzee wa kanisa akae nawe na mwenyekiti wa kwaya, kisha taja kiasi: “Nilichukua shilingi 340,000 za sare, nikabeti.” Usiseme “nilipatwa na matatizo kidogo”. Nenda na mpango mkononi. Kama una simu ya pili, sabufa au kitu kingine cha kuuza, kiuze kwanza. Kinachobaki kigawe kwa miezi. Hata usipokuwa na cha kuuza, 85,000 kwa mwezi inamaliza deni kwa miezi minne. Uhazini utavuliwa, na ni sawa. Huenda pia ukawekwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa muda. Usikimbilie usharika mwingine ambako hawakujui, maana huko utaanza siri upya, na safari hii na watu wasioweza hata kuona umebadilika.

(Na makwaya mnaosoma hapa: hela ya kikundi haikai kwenye simu ya mtu. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Mhazini wenu ni binadamu.)

Sasa simu. Kufuta programu pekee hakutoshi, kwa kuwa kuirudisha ni dakika mbili. Wapigie huduma kwa wateja wa kila kampuni uliyojisajili, uombe akaunti ifungwe moja kwa moja, na uulize kama wana utaratibu wa mteja kujizuia mwenyewe. Zuia namba zao za ujumbe, zile za “umepata bonasi”. Toka kwenye magrupu ya odi za uhakika, yale ya utabiri wa mechi, yote, hata lile la marafiki wa mtaani. Jiondoe kwenye mikopo ya simu, maana ndiyo inayokuwezesha kubeti hela ambayo huna. Mshahara ukiingia, siku hiyohiyo lipa kodi ya nyumba, deni la kwaya na sadaka, ubaki na nauli na chakula cha wiki. Kuanzia saa tatu usiku simu ichajiwe chumba kingine. Kama unakaa chumba kimoja, mwachie jirani unayemwamini, na utafute saa ya mezani ya kukuamsha, la sivyo utarudi kuifuata kwa kisingizio cha alamu.

Elewa pia tofauti ya mkeka na kindege. Mkeka una nafasi katikati: unachagua timu, unasubiri mechi, unaweza hata kuahirisha. Kindege kinapaa na kuanguka kwa sekunde, na raundi nyingine inaanza hapohapo. Hakuna mwanya wa kukumbuka hata nusu ya mstari. Kwa hiyo usijipe matumaini ya kumshinda mwovu ndani ya kindege. Vita yako iko nje ya mlango wake. Lakini usirudi kwenye mikeka ukidhani ni dhambi ndogo. Mkeka ukichanika kwa timu moja utataka kufidia, na njia ya haraka ya kufidia unaijua.

Jumamosi ina saa yake ya hatari. Mechi nyingi za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, au saa kumi na mbili wenzetu wakirudisha saa nyuma, kwa hiyo mikeka inawekwa kuanzia saa nane hivi. Muda huo uwe umeshajazwa kazi ya mikono na watu: kufua, kumtembelea mgonjwa, mazoezi. Daudi aliyaona yaliyomwangusha akiwa amebaki Yerusalemu, majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani (2 Samweli 11). Hakuwa na shughuli jioni ile.

Kuhusu kufunga, nadhani ndipo ulipokosea bila kujua. Kufunga kavu siku tatu, peke yako, ukiwa na siri, kunakutoa ukiwa mchovu, mwenye njaa na mwenye kujiona umelipa deni. Mathayo 4 inasema Yesu alifunga, mwisho akaona njaa, ndipo mjaribu akamjia. Siku ya kufungulia ndiyo ya kulindwa zaidi, na wewe siku hiyo ulilala na simu. Kwa sasa funga Jumatano tu, hadi saa kumi na mbili jioni, ukinywa maji, na hela ya chakula cha mchana iingie kwenye deni la sare. Ukifungua, kula na mtu.

Kila asubuhi toa dakika ishirini kabla hujawasha data. Soma Injili ya Marko sura moja kwa siku. Ina sura 16, utaimaliza kwa wiki mbili na siku mbili. Halafu chagua mistari mitatu ya kushika kichwani, na iwe inajibu uongo uleule unaokuangusha. Yesu jangwani alijibu mara tatu, na mara zote kutoka Kumbukumbu la Torati. La mkate alilijibu kwa neno la mkate. Kwako anza na Waebrania 13:5, “mwe radhi na vitu mlivyo navyo”, kwa ajili ya tamaa ya hela ya haraka. Waefeso 4:28 kwa ajili ya deni. Na Mithali 28:13 kwa ajili ya siri. Itamke kwa sauti. Kuikariri kimoyomoyo huku unafungua simu hakusaidii.

Umtafute mwanaume mmoja mzima kiimani, si kikundi kizima. Kila Jumapili baada ya ibada akuulize swali moja: “Umebeti shilingi ngapi wiki hii?” Akiuliza “unaendeleaje?” utajibu “Mungu ni mwema” na mtaagana. Mwonyeshe taarifa ya miamala ya simu, zote mbili kama una laini mbili.

Wiki ya tatu huwa mbaya. Utajisikia umepona, utawaza kujaribu mia tano tu uone kama bado una shida. Ukiliwa utafidia, ukishinda ni hatari zaidi. Na kama umeanguka, mpigie yule ndugu siku hiyohiyo, andika ilikuwa saa ngapi na kilichotangulia ni nini, kesho asubuhi rudi kwenye Marko yako. Wengi huharibiwa na ile wiki nzima ya “nimeshaharibu, acha nimalizie”.

La pepo sitalibishia. Kuombewa ni kwema. Ila anayetaka hela ili akufungue, ondoka. Na kama baada ya yote haya mikono bado inatetemeka kutafuta simu, nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa; Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, na dawa ya daktari haimfukuzi Roho Mtakatifu. Ukiwaza kujidhuru, usingoje asubuhi, mwamshe mtu.

Mchumba wako mwambie, baada ya kikao na mwenyekiti na kabla kadi za mchango hazijatoka. Asije akachangisha ndugu zake kwa ndoa ambayo hajui deni lake. Mwambie kiasi, mwonyeshe mpango, kisha mpe muda, hata kama muda huo utaisogeza Desemba. Akiomba kushika hela za nyumba kwa mwaka wa kwanza wa ndoa, mkubalie.