Kama majina ndiyo yanayokukimbiza kwenye riwaya za fantasia, soma hizi

Mtoa mada, swali lako na mimi nililibeba muda mrefu. Umesema umejaribu riwaya za fantasia, zile za uchawi na dunia za kubuni, mara tatu na kila mara umekwama kabla ya ukurasa wa mia, kwa sababu majina ni mengi, hayatamkiki, na ramani ya mwanzoni inakuchosha hadithi haijaanza. Unataka kujua ipi inafaa kusomwa na ipi ya kuachana nayo. Miezi ya karibuni nimesoma kadhaa, nyingine kwa mara ya pili, kwa hiyo nitasema nilichokiona bila kumpendelea mwandishi yeyote. Miisho sitaifichua.

Nianze na hilo hilo la majina. Zamani niliyachukulia majina magumu kama ada ya kuingia, unalipa kisha unafurahia. Siku hizi ndiyo kitu cha kwanza ninachokipima. Kuna riwaya zinazotunga majina ili dunia yake ionekane ngeni tu. Ukimpa huyu jina la yule, hakuna kinachoharibika. Na kuna zile ambazo jina lina kazi: mtu akipewa, akinyang'anywa au akilificha, hadithi nzima inageuka. Hizi za pili hazichoshi hata majina yakiwa mia, maana kila jina unalikumbuka kwa kilichompata mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968. Ni kitabu chembamba, kama kurasa mia mbili. Mtoto anazaliwa kisiwa cha Gont, mama yake anamwita Duny na kufariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Watu wanamzoea kwa jina la Sparrowhawk, yaani kipanga, kwa sababu ndege wawindaji humjia akiwaita. Jina lake la kweli, Ged, ananong'onezewa na mzee Ogion akiwa na miaka 13. Kuanzia hapo analificha, kwa sababu katika visiwa vile anayejua jina la kweli la kitu anakitawala kitu hicho, na mtu vilevile. Kumwambia rafiki jina lako ni kumkabidhi maisha yako. Sasa Ged, kwa kiburi cha ujana, anafungulia kivuli kilichotoka gizani, na kivuli hicho jina lake halijulikani. Utamwamuru vipi asiye na jina? Kitabu chote kimesimama juu ya swali hilo moja, na ndiyo maana hakina ukurasa wa ziada.

Nikimsimulia mtu kitabu hiki kwa Kiswahili napata shida kumwita Ged mchawi. Neno letu limeshamhukumu mtu kabla hajafanya lolote. Mchawi kazi yake ni kuroga. Mganga linakaribia zaidi, maana sehemu kubwa ya shughuli za watu hawa ni kutuliza upepo, kuzuia mashua zisivuje na kuponya wagonjwa. Hata hivyo mganga nalo halitoshi. Nimeishia kumwita mjuzi, na sijaridhika.

Kasoro ipo na ni kubwa: wanawake wa kitabu hicho karibu hawana nafasi. Pale Gont kuna hata msemo unaoudharau uganga wa wanawake, na hadithi haiupingi. Le Guin mwenyewe alirudi baadaye kulitazama jambo hilo upya katika Tehanu, ya 1990. Lakini kabla ya hapo kuna The Tombs of Atuan, ya 1971, ambayo kwangu inaipita hata ile ya kwanza. Mtoto wa kike, Tenar, anachukuliwa kwao akiwa mdogo kabisa kwa imani kwamba ni kuhani mkuu aliyezaliwa upya. Wanamvua jina na kumpa lingine, Arha, maana yake Aliyeliwa. Anakulia humo, analinda makaburi, anatembea gizani chini ya ardhi akipapasa kuta na kuhesabu njia kwa vidole. Ged anaingia hadithi ikiwa imeshaenda mbali, naye si shujaa wa kitabu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikiona cha polepole. Mara hii nimeelewa kwamba upolepole ule ni lazima: usipokaa gizani na yule msichana muda wa kutosha, hutajua jina lina uzito gani.

Halafu The Goblin Emperor ya Katherine Addison, iliyotoka 2014. Hapa ndipo nilipoanguka kama ulivyoanguka wewe. Mara ya kwanza niliacha kama ukurasa wa hamsini. Majina ni marefu, kila mtu ana cheo mbele ya jina, na cheo kinabadilika kwa mwanamume, mwanamke na asiyeolewa. Mwaka uliofuata nilirudi nikiwa na kipande cha karatasi, nikaandika majina kumi tu, ya watu wanaozungumza na mfalme kila siku, wengine nikawaacha wapite. Kitabu kikafunguka.

Maia ana miaka 18, nusu goblini (jamii ya viumbe wa kubuni), mtoto wa kiume wa nne wa mfalme asiyempenda. Amelelewa mafichoni na mlezi anayempiga. Baba yake na kaka zake watatu wanakufa katika ajali ya chombo cha angani, na asubuhi moja yeye ndiye mfalme. Anapotawazwa anachukua jina la Edrehasivar VII, na tangu siku ile hakuna anayemwita Maia. Anajiita "sisi" mbele za watu, kama wafalme wafanyavyo. Kuna mahali anatamani rafiki na anajibiwa, kwa heshima zote, kwamba urafiki na mfalme hauwezekani. Niliweka kitabu chini nikakaa kimya.

Wanaokilaumu wanasema hakuna kinachotokea humo, ni vikao na karamu tu. Sehemu ni kweli, vita hutaviona. Lakini kumwona kijana aliyeteswa akipata madaraka ya kulipiza kisasi na kila siku akichagua kutokuwa mkatili, kwangu hilo ni tukio kubwa kuliko kuzingira ngome. Usivunjike moyo kwa kamusi ya majina iliyo mwishoni mwa kitabu. Itumie ukiihitaji, usianze nayo.

Babel ya R.F. Kuang, ya 2022, nimeisoma kwa hamu na kwa kukasirika, mara nyingine katika ukurasa mmoja. Ni Oxford ya miaka ya 1830, ila Uingereza hii inaendeshwa kwa vipande vya fedha, ile madini. Upande mmoja wanachonga neno la lugha moja, upande wa pili neno la lugha nyingine linalodaiwa kuwa na maana ileile. Maana mbili hazilingani kamwe, na kile kinachopotea katikati ndicho fedha inachokigeuza kuwa nguvu: kuendesha meli, kushikilia majengo, kuponya. Kwa mtu yeyote anayeishi na lugha zaidi ya moja, wazo hili ni zawadi. Siku nzima nilitembea nikijaribu jozi kichwani. Chukua "utu": ukilipeleka Kiingereza, kuna kitu kinabaki mkononi, na hicho kinachobaki ndicho kingewasha fedha.

Na jina? Robin Swift anatolewa Canton, Uchina, akiwa mtoto yatima, na profesa anayemchukua anamtaka atumie jina la Kiingereza kwa sababu lake halitamkiki kwa Waingereza. La ukoo analichagua mwenyewe. Jina alilopewa na mama yake msomaji haambiwi hata mara moja, mpaka mwisho. Mwanzoni nilidhani mwandishi amesahau, kumbe kalizuia kwa makusudi: ni kitu pekee ambacho hata sisi wasomaji haturuhusiwi kumchukulia.

Kilichonikasirisha ni kwamba Kuang hamwamini msomaji. Tukio limeshaonyesha uovu wa ukoloni waziwazi, kisha mhusika anaueleza, kisha tanbihi chini ya ukurasa inaueleza tena. Wazungu wengi humo wana sura moja tu. Letty, msichana wa Kiingereza katika kundi la marafiki wanne, alistahili kuandikwa kwa kina zaidi, maana mengi yanamtegemea yeye. Hata hivyo kisome. Vitabu vyenye wazo zito kiasi hiki si vingi.

Nyingine kwa ufupi. Piranesi ya Susanna Clarke, ya 2020, ndiyo ningempa mtu asiyewahi kusoma fantasia kabisa. Fupi, wahusika wachache mno, ramani hakuna. Mtu anaishi ndani ya Nyumba yenye kumbi zisizo na mwisho, sanamu kila upande, bahari ikijaa na kupwa kwenye kumbi za chini. Mtu mwingine pekee aliye hai anamwita Piranesi, na yeye anaandika katika daftari lake kwamba hadhani hilo ni jina lake. Ukifika hapo hutaacha. Ilipata Women's Prize, tuzo ya waandishi wanawake, mwaka 2021 na ilistahili.

The Fifth Season ya N.K. Jemisin, ya 2015, ni kazi kubwa, na vitabu vyote vitatu vya mfululizo huo vilishinda tuzo ya Hugo, ya riwaya za sayansi na fantasia, miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Sehemu ya hadithi inamwambia msomaji "wewe": wewe ndiye mama uliyemkuta mwanao mdogo ameuawa na baba yake. Wenye uwezo wa kutuliza matetemeko ya ardhi wanafungwa na kufundishwa kama mali ya dola, na huko wanachukua majina ya mawe. Onyo moja: usiisome ukiwa na msiba mpya. Mimi niliisoma wakati mbaya na ilibidi niiache miezi minne.

The Way of Kings ya Brandon Sanderson, ya 2010, ina kurasa zaidi ya elfu, na nasema wazi kwamba mia tatu zingeweza kuondoka. Sentensi zake ni za kawaida, wahusika wanarudia mawazo yaleyale. Kinachoibeba ni Kaladin, mtumwa aliyepangwa kwenye kikosi cha kubeba madaraja vitani, watu wanaotumwa mbele wafe kwa mishale. Siku anayoamua kutokata tamaa, jambo la kwanza analofanya ni kuwauliza wenzake majina, mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Kwa sura hizo za madaraja nimesamehe mengi.

Fourth Wing ya Rebecca Yarros, ya 2023, inakwenda mbio na niliimaliza kwa siku mbili. Majoka yake yanapendeza kuliko binadamu wake. Wiki iliyofuata nilikuwa nimesahau nusu ya majina, na hiyo ndiyo hukumu yangu. The Name of the Wind ya Patrick Rothfuss ina lugha tamu kweli, lakini ilitoka 2007, ya pili 2011, na ya tatu mpaka leo hatujaiona. Usianze kama huwezi kuvumilia hadithi iliyokatika. Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James, ya 2019, nimeiweka chini mara mbili kwa ukatili wake. Msimulizi anaitwa Tracker tu, kwa kazi yake ya kunusa na kufuatilia watu, na anasimulia kama mtu asiyetaka umwamini. Nitairudia, ila si mwaka huu.

Kwa hiyo, mtoa mada, kwa ulivyojieleza: shika Piranesi kwanza, kisha A Wizard of Earthsea, kisha The Tombs of Atuan. Ramani usiitazame mpaka mhusika apande mashua. Jina usiloweza kulitamka litamke unavyoweza, hakuna mtihani. Ukifika The Goblin Emperor, andaa ile karatasi ya majina kumi.

Mimi nimerudi Atuan kwa mara ya tatu. Jana usiku nimeishia pale ambapo, ndani ya giza lile, kuna mtu anamwita yule msichana kwa jina alilopewa na mama yake. Najua kinachofuata neno kwa neno, na bado nilifunga kitabu ili leo nianzie hapo.