Jibu: Je, 111,111,111 ni namba tasa?

Dada yangu wa Mafinga, umeuliza kama 111,111,111 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa kuwa mwanao wa darasa la sita kaijaribu kwa 2, 5, 7 na 11 ikakataa. Mtoto anajituma, mpe hongera. Ila kairuka 3.

Ajumlishe tarakimu zake: moja mara tisa ni 9. Jumla ikigawanyika kwa 9, na namba yenyewe inagawanyika. Akigawa atapata 12,345,679, na hapo mwambie aangalie vizuri: 8 haipo! Mimi huku Uyole nikiwaonyesha watoto hilo, hata wale wanaochukia hesabu husogea ubaoni. Akiizidisha hiyo kwa 63 atapata 777,777,777. Kwa 45, atapata 555,555,555.

Sasa azikate moja hizo tatu tatu, kama tunavyopanga mafungu ya viazi: 111, 111, 111. Kila fungu ni 111, yaani 3 × 37, kwa hiyo 37 nayo inaigawa namba nzima. Mwisho inabaki 333,667, ambayo ni tasa. Jibu kamili ni 3 × 3 × 37 × 333,667, na vigawo vyote ni 12.

Siri iko kwenye idadi ya moja. Tisa si tasa, basi namba haiwezi kuwa tasa. Lakini idadi kuwa tasa haitoshi: moja zikiwa saba, 1,111,111, ni 239 × 4,649. Zikiwa 19 ndiyo tasa kweli.

Usiku wa leo azidishe 111,111,111 kwa yenyewe, kwa mkono, bila kikokotoo. Atapata 12,345,678,987,654,321.