Nilivyokosea wasifu wa Bibi

Nilipewa kazi ya kusoma wasifu wa Bibi kwa sababu moja tu: kati ya wajukuu wote, mimi ndiye niliyeaminika kwamba sitaangua kilio katikati. Niliuandika usiku mmoja. Alikuwa mcha Mungu, nikaandika. Alikuwa nguzo ya familia, mama wa wote, mpole, mkarimu, mpenda watu. Waombolezaji walilia, nami nikarudi kuketi nikiamini kazi nimeimaliza vizuri.

Baadaye mama mmoja mzee, ambaye kwa miaka mingi alizunguka na Bibi kuhudumia wagonjwa, alinishika mkono. "Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Ila huyo uliyemsoma mimi simjui. Huo upole aliutoa wapi?"

Alisema kweli. Bibi hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti ya kuamrisha, na ukichelewa dakika 5 unakuta ameshaondoka. Sifa zangu ungeweza kuzihamishia kwa marehemu mwingine yeyote bila kugusa hata nukta. Nilikuwa nimemzika mara mbili.

Kwa hiyo, kama umefiwa na bibi uliyempenda, ushauri wangu wa kwanza ni huo: sifa ziweke kando, tafuta matendo. "Alipenda kusaidia" hakumwonyeshi mtu. "Akienda kumwona mgonjwa haketi, anauliza nguo chafu ziko wapi" kunamwonyesha mpaka na mikono yake. Na kama bibi yako bado yupo, una bahati kuliko mimi. Anza leo, hata kama atakufukuza ukimchosha na maswali.

Mwenyewe nilianza nimechelewa, nikawa nawauliza waliobaki. Nikagundua kuwa ukiuliza "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "mtu mzuri sana" na mazungumzo yameishia hapo. Nikabadilisha. Mara ya kwanza kumwona alikuwa anafanya nini? Aliwahi kukukasirisha? Hilo la pili watu hulicheka kwanza, kisha wanavuta kiti.

Wazee wana mlango wao. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba mtu aliyevuka miaka 40, ukimwomba asimulie maisha yake, atachota zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Nililiona hilo kwa mdogo wake Bibi. Hakumbuki kama jana nilikwenda kumwamkia, lakini aliweza kunieleza rangi ya gauni ambalo Bibi alilikata vipande viwili ili wote wawili wapate cha kuvaa. Basi usianze na miaka ya mwisho na ugonjwa. Anza na usichana. Mpe kitu cha kushika, picha au kitambaa chake, halafu nyamaza. Akinyamaza naye, usikimbilie kuuliza swali lingine. Mara nyingi kimya hicho ndipo anapotafuta jambo lenyewe.

Jambo jingine: waulize watu wawili habari moja, kila mtu peke yake. Hapa ndipo nilipokutana na kitu ambacho sikukitarajia, na nilisita sana kukiandika.

Mama yangu alinisimulia kwamba alipokuwa na miaka 9 alishikwa na homa kali, na usiku huohuo Bibi akaitwa kwa mwanamke aliyekuwa anajifungua. Akaenda. Mama alibaki na dada yake mkubwa hadi alfajiri. "Watu wote walikuwa na mama yangu," aliniambia, "na mimi nilikuwa nasubiri zamu." Aliyasema hayo akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado sauti ilitetemeka. Yule mama mzee naye, aliyekuwa pamoja na Bibi usiku huo, alinipa upande wa pili: Bibi alilia njia nzima, na mtoto alipotoka salama hakungoja hata kushukuriwa, alirudi nyumbani akikimbia.

Nilijaribu kuzichanganya habari hizi mbili ziwe moja tamu. Nikashindwa, na nashukuru kushindwa. Nimeziandika zote mbili, kila moja na aliyeisimulia na tarehe aliyoisimulia. Tunaposema mtu alijitoa kwa familia, kwa imani na kwa jamii, tunavitaja vitatu hivyo kana kwamba vilikaa kwa amani ndani ya siku moja. Havikukaa. Saa zake zilikuwa 24 kama zangu, na kila aliyehudumiwa alihudumiwa kwa saa iliyotoka kwa mtu mwingine. Kuficha hilo hakumpi Bibi heshima yoyote. Mama aliposomewa simulizi ya yule mwenzake Bibi, alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniomba niisome tena pale pa njiani.

Sasa mambo ya vitendo, kwa kifupi, maana nililipia ujinga wangu. Nilikuwa na jumbe za sauti za Bibi kwenye WhatsApp, nyingi tu. Nikabadilisha simu bila kuzihifadhi kwingine. Imebaki moja niliyokuwa nimemtumia binamu yangu: sekunde 11, Bibi akilalamika kwamba sipokei simu. Usifanye kama mimi. Watunza kumbukumbu wana kanuni rahisi: nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na moja ikae mahali tofauti na nyumbani kwako. Diski mweko (flash) pekee si ghala. Hufa bila taarifa. Picha za karatasi usizibandike kwa gundi wala utepe wa kunata, na usizifunike kwa plastiki ya kubanwa kwa moto (lamination). Zitunze mbali na jua na unyevu. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwa sababu wino hupenya au huhamia picha ya jirani. Majina hayo yaandikwe sasa, wakati kuna mtu wa kukuambia yule wa tatu kutoka kushoto ni nani. Sisi tuna picha ya Bibi akiwa na wasichana wanne wanacheka mpaka wameinama, na hakuna tena duniani anayejua walichekea nini.

Kuhusu imani yake nilitaka kuandika aya ndefu, lakini nilichonacho ni kitu kidogo. Bibi aliomba alfajiri kwa sauti ya chini, akitaja majina. Utotoni nilikuwa najifanya nimelala ili nisikie langu. Lilikuwa linakuja baada ya jina la mwanamume nisiyemjua, na nilimwonea wivu mtu huyo miaka mingi. Kumbe, nilivyoelezwa juzijuzi, ndiye aliyewahi kutoweka na akiba ya kikundi chao cha akina mama. Hakuirudisha. Bibi, ambaye hakuwa mpole, alikwenda kumgombeza mlangoni kwake mbele ya watoto wake, na kesho yake akamwingiza kwenye orodha. Hakumtoa tena. Kama unataka kuijua imani ya bibi yako, usihesabu mara alizohudhuria ibada. Tafuta jina ambalo lilikuwa gumu kulitaja.

La mwisho ni daftari lake. Kila mtu wa huduma huacha kitu cha aina hiyo, hata kama ni vikaratasi ndani ya mkoba, na wafiwa hukitupa wanaposafisha chumba. Kisome kwanza. Cha Bibi kilikuwa na orodha ya wagonjwa, madeni ya kikundi, na ahadi alizowapa watu. Aliyetimiziwa alikatwa kwa mstari. Niliona nikirithi ahadi moja nitakuwa nimemkumbuka kuliko kwa kumtungia sifa nyingine kumi, nikachagua iliyo fupi, ya ukurasa wa mwisho, isiyokatwa: "Mama wa mapacha. Mashuka ya watoto, mawili."

Ilinichukua muda kuipata ile nyumba, na muda mrefu zaidi kujipa moyo wa kwenda. Nilipobisha hodi, mlango ulifunguliwa na mapacha wenyewe, wamesimama kwa miguu yao, wakanipokea mashuka na kuyaburuta ndani. Mama yao alinitazama kidogo, kisha akauliza kama mimi ndiye mjukuu asiyepokea simu.