Malizeni kwanza deni lenye riba kubwa

Pole sana, dada. Umesema mna madeni matatu, mshahara hauvuki katikati ya mwezi, na mumeo hajui yote. Mwambie leo, peke yako hutaweza. Kisha andikeni riba ya kila deni. Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, usipolipwa na riba ikazaa riba, huzidi maradufu ndani ya miezi 8. Huo ndio wa kumaliza kwanza; mengine lipeni kiwango cha chini tu. Nakusihi, msikope kwingine kuulipia. Mkiona mtachelewa, mwendeeni anayewadai mapema mwombe muda, wengine hukubali. Kodi na chakula vikishatengwa, pesa ya deni itoke siku ileile mshahara unapoingia.