Barua kwa mwanangu: soma kibati kwanza

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mna milioni 18, mko saba nyumbani pamoja na mama mkwe wako mwenye magoti mabovu, mnakaa Dodoma na kila Desemba mnapanda Lushoto. Unauliza mchukue Toyota Noah au Wish, na kama muagize Japani au mnunue lililokwisha kutumika hapa. Nakujibu kwanza, sababu zifuate: tafuta Noah iliyotumika hapa nchini, ambayo namba yake ya chasisi inaanza na ZRR70. Ukikosa iliyo nzima kwa hela hiyo, shuka kwenye Toyota Isis au Wish yenye injini ya 1.8. Noah ya AZR60 ikikupendeza kwa kung'aa, ipite.

Jina "Noah" peke yake halikwambii kitu. Kwa hela yenu utakutana na magari matatu tofauti yenye jina hilo. Ya zamani ni SR40, injini 3S-FE imekaa chini ya viti vya mbele; ilikuwa ngumu kweli, lakini sasa zimechoka. Ikaja AZR60, ya 2001 hadi 2007, yenye injini 1AZ-FSE ambayo mafundi wanaiita D-4. Halafu ZRR70, kuanzia 2007 mpaka ilipobadilishwa mwanzoni mwa 2014, yenye 3ZR-FE au ndugu yake 3ZR-FAE, ile ya Valvematic, yaani mfumo wa kubadilisha jinsi valvu zinavyofunguka. Ukiweza kuchagua, chukua 3ZR-FE isiyo na Valvematic: vitu vya kuharibika ni vichache. Ukiona tarakimu ya mwisho ni 5, yaani AZR65 au ZRR75, hiyo ni 4WD, inavuta kwa matairi yote manne. Ni nzito zaidi, inakunywa zaidi, na barabara ya Mombo hadi Lushoto ina lami. Voxy ni Noah ileile yenye sura nyingine, ihesabu hivyohivyo.

Herufi hizo utazisoma kwenye kadi ya gari, kabla ya kistari cha namba ya chasisi. Kisha fungua boneti utafute kibati cha alumini kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Magari mengine kibati kiko kwenye nguzo ya mlango. Kimeandikwa modeli, injini, namba ya chasisi, rangi na gia boksi. Kadi, kibati na namba iliyogongwa kwenye chuma lazima viseme kitu kimoja. Dalali atakuambia "hii ni namba D, bado mpya". Herufi za pleti zinaonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania tu, hazisemi limezunguka Japani miaka mingapi kabla ya hapo.

Kwa nini naikwepa D-4? Katika injini ya kawaida, petroli inapuliziwa kwenye njia ya hewa na inaziosha valvu za kuingizia kila inapopita. D-4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu hizo haziguswi na petroli kabisa. Moshi wa mafuta unaorudishwa kutoka ndani ya injini unagandia pale, unakuwa masizi magumu, hewa inabanwa. Hapo ndipo unaona gari linatetema kwenye foleni, linazima ukiweka D na AC ikiwaka, linakosa nguvu mlimani. Tena ina pampu ya petroli ya presha kubwa ambayo si kila fundi anaielewa, na mpya yake si ya bei ya plagi. Nyuzi za bolti za silinda hedi kwenye injini za ukoo wa AZ nazo zinajulikana kwa kung'oka upande wa nyuma, maji yakaanza kupotea kidogokidogo bila wewe kuona yanapovujia. Ndiyo maana Ipsum ya 2.4 yenye 2AZ-FE nayo sijaitaja, pamoja na ukubwa wake.

Kuhusu nafasi, nenda na mabegi yenu halisi. Noah nyingi zina viti vinane, 2 mbele, 3 kati, 3 nyuma, lakini viti vya nyuma vikiwa vimekaliwa buti inabaki ufa: mabegi yanasimama wima, hayalali. Mkiwa wachache zaidi, mkunje upande mmoja wa kiti cha nyuma ubavuni, mpate sehemu ya mizigo. Wish ina viti saba kwenye karatasi. Safu ya tatu ni ya watoto, mtu mzima magoti yanamfika kidevuni, na mkijaa wote buti hakuna. Isis ndiyo watu wanaisahau. Milango ya nyuma inateleza pande zote mbili, na upande wa kushoto haina nguzo ya katikati. Ukifungua milango yote miwili unapata uwazi mpana ambao mama mkwe wako anaingia kama anaingia sebuleni. Hapa kwetu kushoto ndiko abiria anakoshukia, kwa hiyo kwake inafaa kuliko zote. Safu yake ya tatu ni ndogo kama ya Wish.

Ukifika kwenye Isis au Wish soma herufi pia. ZNM10 na ZNE10 ni 1.8 yenye 1ZZ-FE, petroli yake inaingia kwa njia ya kawaida, na fundi yeyote anaijua. ANM10 na ANE11 ni D-4 ileile, umeikimbia kwenye Noah ukaikuta huku. Ubaya wa 1ZZ ni kula oili, hasa za miaka ya mwanzo, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakiziba ringi zinaganda.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi nyumbani kwa mwenye gari, usikubali kukutana sheli. Kabla hujasema neno gusa boneti. Ikiwa ya moto, gari limewashwa mapema kuficha kitu. Mwambie utarudi kesho. Likiwa la baridi, fungua kifuniko cha rejeta uangalie maji. Rangi safi ya kulanti, yaani yale maji maalumu ya kupozea injini, ni nzuri. Kahawia maana yake lilikuwa linawekewa maji ya bomba, kutu imeanza kutembea ndani. Utando wa mafuta juu yake, au uji kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, ni gasketi ya hedi imeungua. Funga, aga, ondoka.

Mweke mkwe wangu asimame nyuma ya ekzosi, wewe washa. Moshi wa bluu unaoendelea baada ya sekunde chache ni oili inaungua. Liache liungurume dakika 20 AC ikiwa imewashwa. Mshale wa joto ukae pale katikati bila kupanda, na feni uisikie ikiingia na kutoka. Kisha kanyaga mpaka mizunguko 3,000, achia, kanyaga tena, aangalie moshi upya.

Gia boksi ya ZRR70 ni CVT, haina gia za kuhesabu; mkanda wa chuma unabanwa kati ya puli mbili. Kanyaga breki, toa P weka R, halafu D. Ikichelewa kushika au ikipiga teke, kuna tatizo. Barabarani, kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, sikiliza kutikisika kama gari linapita juu ya mbavu za barabara ya vumbi. Tafuta mlima, ukanyage taratibu: mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki palepale, mkanda unateleza. Mara nyingi chanzo ni fundi aliyeweka ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Mkanda unashika puli kwa msaada wa oili maalumu ya CVT; ATF inauacha uteleze, unachubua puli, na hapo hakuna dawa ila gia boksi nyingine. Muulize muuzaji aliweka oili gani. Akijibu "hizo zote ni sawa", umeshapata jibu.

Mileji usiiamini mpaka gari lenyewe likubaliane nayo. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma na saa inayosoma 68,000 havikai pamoja. Fungua mlango wa dereva uangalie stika za Kijapani za kubadilisha oili, mara nyingi zimeachwa. Mwaka wake unaweza kuandikwa kwa tarakimu mbili za kalenda ya Kijapani ya Heisei, jumlisha 1988. Ukiona 22 ni 2010, na kilomita zilizoandikwa hapo haziwezi kuzidi za leo.

Noah ina kesi yake nyingine: mikoa ya kaskazini nyingi zimebeba abiria. Hii utaijua kwenye mlango wa kuteleza. Fungua na kufunga mara kumi kwa mkono. Ukikwaruza au kuzama sentimita za mwisho, roli zimekwisha. Angalia kizingiti chake kilivyolika, bolti za viti kama zimeshawahi kufunguliwa, na vuta mikanda yote hadi mwisho: tope kwenye mkanda ni gari lililozama. Inua zulia la buti uone sehemu ya tairi la akiba. Weldingi ya kiwandani ni vidoto vilivyopangwa sawasawa. Mstari mnene uliopigwa kwa mkono unakuonyesha lilipogongwa. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019.

Kuagiza mngeweza, lakini ZRR70 zote zimepita miaka kumi, na TRA, mamlaka ya mapato, inaongeza ushuru kwa gari lenye umri huo. Tena thamani ya kukadiria kodi inatoka kwenye jedwali lao, siyo risiti yako. Hela mngeila kwenye kodi.

Karatasi: kadi halisi, siyo kopi, maana kadi zinawekwa rehani kwa wakopeshaji. Angalia kwa namba ya gari deni la faini za trafiki na la maegesho. Mkataba mwandikishiane kwa wakili, fedha ipite benki, na jina libadilishwe TRA wiki hiyohiyo.

Msitumie milioni 18 zote. Bakisheni 2. Siku ya kwanza badilisheni oili ya injini (3ZR inachukua lita 4.2 pamoja na filta, 1ZZ lita 3.7), plagi, filta ya hewa na kulanti. Ya gia boksi mwageni inayotoka yenyewe, muipime kwenye chupa, mrudishe kiasi kilekile. Na mafuta msijidanganye: Noah iliyojaa haitawapa zaidi ya kilomita 10 au 11 kwa lita barabara kuu, mjini ni 7 au 8.

Ukipata linalokuvutia, nipigie picha ya kile kibati na ya pedali ya breki, unitumie kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi. Wasalimie wajukuu na mama mkwe wako.

Mama yako