Pazia la chungwa au pazia la rangi ya chungwa?

SWALI: Naandika kitabu cha watoto kuhusu vitu vya nyumbani na bustanini: pazia, ndoo, boga, karoti, maua, vigae vya paa. Vyote nilivieleza kuwa ni vya "rangi ya machungwa". Mhariri wangu amebadilisha kila mahali akaweka "chungwa", na pengine amelifuta kabisa neno "rangi", kwa hiyo sasa nina "ndoo ya chungwa" na "maua ya chungwa". Mwenzangu mmoja naye anasema Kiswahili hakina rangi hiyo, niandike tu "njano iliyoiva". Nimsikilize nani?

JIBU: Mhariri wako amepatia jambo moja na kukosea jingine. Nianze na alipokosea, maana ndipo watoto watakapopotea.

Soma tena "maua ya chungwa". Mtoto ataelewa kwamba ni maua ya mti uzaao machungwa, na maua ya mchungwa ni meupe! Juisi inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. "Juisi ya machungwa" imekamuliwa kwenye machungwa. "Juisi ya rangi ya chungwa" yaweza kuwa ya karoti, ya embe au ya papai. Neno "rangi" hapo si pambo. Ndilo linalomjulisha msomaji kwamba hatuzungumzii tunda.

Utauliza mbona twasema "shati la kijani" bila kulitaja neno hilo na hakuna anayechanganyikiwa. Ni kwa sababu kijani kimekwisha kuachana na jani: hakuna anayesikia "gari la kijani" akadhani limetengenezwa kwa majani. Njano nayo imepata njia yake. Ukisema "unga wa manjano", wengi wataelewa kiungo. Ukisema "unga wa njano", wataelewa rangi ya unga wenyewe. Lugha imeyagawia maumbo hayo mawili kazi mbili. Chungwa halijafika huko. Ukilitaja peke yake, bado linakuja na maganda yake na kokwa zake. Basi rudisha "rangi" kila mahali ilipofutwa.

Ukishairudisha, angalia upatanisho. Huwa tunaandika "pazia la rangi ya chungwa", "vigae vya rangi ya chungwa", "maua ya rangi ya chungwa". A-unganifu ya kwanza ("la", "vya" au "ya" iliyo kabla ya "rangi") hufuata kitu kinachoelezwa. Ya pili hufuata "rangi", na haibadiliki hata vitu vikiwa mia. Nimekutana mara nyingi na "vigae vya rangi vya chungwa", na kila mara huniuma, kwa kuwa ni kosa linaloepukika kwa kusoma sentensi mara moja kwa sauti. Ukiona "ya" na "vya" zinakusonga, tumia "vyenye rangi ya chungwa".

Kuhusu umoja na wingi, hapo mhariri wako namuunga mkono, ingawa "rangi ya machungwa" si kosa na wasemaji wengi wanaitumia. Twasema rangi ya zambarau, si ya mazambarau. Rangi ya waridi, si ya mawaridi. Umoja unalitaja tunda kama aina, wingi unaniletea tenga zima. Lakini hili ni pendekezo langu tu. Kanuni iliyo muhimu ni kwamba ukianza na moja, umalize nalo.

Sasa mwenzako. Ameona kitu cha kweli akafikia hitimisho lisilo sahihi. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Ua ni jekundu, viti ni vyeupe, lakini hatuwezi kulifanyia chungwa hivyo. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha utafiti wao kuhusu majina ya rangi katika lugha nyingi, wakasema kwamba lugha huwa zinaanza na nyeusi, nyeupe na nyekundu, na kwamba chungwa, zambarau, waridi na kijivu huja mwisho. Hoja yao imebishaniwa sana tangu hapo, lakini tazama Kiswahili kinavyokaribiana nayo: vivumishi vyetu vitatu ndizo rangi tatu za mwanzo, na zile nne za mwisho tumezipa majina ya tunda, tunda, ua na jivu. Kukosa kivumishi, basi, si kukosa rangi. Jina la kitu ni jina kamili.

Jina hilo, hata hivyo, lina tatizo moja ambalo mwandishi wa watoto hawezi kulipuuza. Penye joto mwaka mzima, chungwa huweza kuiva vizuri ndani huku ganda lake likiwa bado la kijani, kwa sababu ni usiku wa baridi unaosaidia klorofili ya ganda, yaani ile rangi ya kijani ya mimea, kutoweka. Mtoto aliyezoea machungwa ya namna hiyo akisikia "rangi ya chungwa" anaweza kukuonyesha jani! Mara ya kwanza unapoitaja, iweke karibu na kitu kisichobishaniwa: karoti, au nyama ya boga lililokatwa.

Tena si lazima kila kitu katika orodha yako kipewe jina moja. Hapa ningependa uwe huru zaidi. Vigae vya udongo uliochomwa ni vya rangi ya udongo, au ya tofali. Bati la zamani ni la rangi ya kutu. "Njano iliyoiva" ya mwenzako ni maneno mazuri sana kwa kiini cha yai, ila kwenye karoti hayafai kabisa. Chenza mara nyingi lina rangi iliyokolea kuliko chungwa, kwa hiyo kwa pazia zito "rangi ya chenza" itapendeza. Makaa yanayowaka yana wekundu wake, na pazia hilohilo likipigwa na jua miaka mingi si la rangi ya chungwa tena, limepauka.

Ukurasa wako wa kwanza ningeuandika hivi: "Karoti ni ya rangi ya chungwa. Ndoo ni ya rangi ya chungwa pia. Vigae vya paa ni vya rangi ya udongo, na bati la banda limeshika kutu."